Mtaro wa Mjomba

Maji yaliingia nyumbani kwa Mjomba siku ya Jumanne saa sita mchana, na mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya manispaa, bahasha mkononi, akingoja zamu yake ya kuwasilisha barua kuhusu mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake. Zamu ilipofika, karani alimwuliza kama jambo lenyewe ni la dharura. Mjomba akasema ni la dharura. Karani akagonga muhuri na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Nje mvua ilikuwa inanyesha kama iliyotumwa, na Mjomba, ambaye tangu ujana hakupenda kulowa, akaona bora asubiri ipungue. Alipofika mtaani kwake alikuta viatu vyake vya kutokea vinaelea kuelekea langoni, kimoja mbele, kingine nyuma, kama watu wawili waliokosana njiani.

Aliyepigiwa simu alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu aliyekuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Miaka kumi na minane alikuwa amesimama kwenye mvuke akinyoosha mashuka ya wagonjwa, hata wenzake wakamwita Bi Pasi, na jina likamganda mpaka kwa ndugu. Likizo yake ya mwaka ilikuwa imeanza siku iliyotangulia. Alikuwa amepanga kulala. Mpango mwingine hakuwa nao, na huo mmoja aliupenda sana.

"Mpwa wangu," Mjomba alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao Bi Pasi hakuuelewa. "Yametimia."

"Yapi hayo, Mjomba?"

"Niliyoyasema. Njoo uone mwenyewe. Na uje na mabuti."

Ili kuuelewa uchangamfu wa mtu ambaye godoro lake limenywa maji ya mtaro, inabidi kumjua mtu mwenyewe. Mjomba alikuwa mpima ardhi. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akichungulia kwenye kile chombo chao kinachosimama kwa miguu mitatu, akiwaambia watu kwamba ukuta wao umeingia kwa jirani. Kazi ya namna hiyo humfanya mtu awe sahihi mara nyingi na apendwe mara chache. Alipostaafu, usahihi ulibaki naye lakini watu wa kuusikiliza wakakosekana. Akaanza kuandika barua. Aliandika juu ya taa za barabarani, juu ya kelele, juu ya tarehe zilizokosewa kwenye matangazo ya serikali, lakini zaidi ya yote aliandika juu ya mtaro. Miaka kumi na tisa aliuandikia mtaro ule, na mkewe alipofariki akazidisha. Mtaani walimwita Mzee Barua. Yeye alidhani ni heshima.

Bi Pasi alifika Jumatano asubuhi akiwa na mabuti ya kazini, ndoo mbili na dawa ya kuua vijidudu. Maji yalikuwa yamekwisha kujiondokea, yakaacha tope laini kama uji na mstari ukutani uliozunguka nyumba nzima, umenyooka, haupindi popote. Mlango wa chumbani ulikuwa umevimba na kugoma kufungika. Kabati la nguo lilikuwa limejaa tumbo. Harufu ilimpokea tangu langoni.

Mjomba alikuwa uani, ameketi juu ya kiti cha plastiki ambacho hakikuwa chake. Maji yalikileta, na hakuna aliyejua kutoka wapi.

"Shikamoo, Mjomba. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?" Akasimama, akamshika mkono, akampeleka mpaka ukutani na kuugusa ule mstari kwa kidole. "Tazama usawa huo. Sentimita hamsini na mbili, upande huu na upande ule. Maji hayadanganyi, mpwa wangu. Wanaodanganya ni watu."

"Umelala wapi jana?"

"Kwa huyo," alisema, akielekeza kidevu nyumba ya jirani bila kuitazama. "Alinilazimisha."

Huyo alikuwa fundi cherehani, mwanamke mjane wa umri wa kukaribiana na Mjomba, ambaye nyumba yake ilikuwa imeinuka kwa ngazi tatu na haikuingia hata tone. Alikuwa amemvuta Mjomba ndani siku ile ya mvua, akampa chumba cha vitambaa, blanketi na chai. Mjomba aliyasimulia hayo kama mtu anayeeleza alivyokamatwa.

Kazi ikaanza, na ugomvi ukaanza nayo. Bi Pasi alitaka kutoa vitu nje; Mjomba alitaka vibaki palepale vilipo.

"Godoro usiliguse," alisema. "Ni ushahidi."

"Ushahidi unanuka, Mjomba."

"Kinachonuka ni uzembe wa manispaa. Wakija wakute kila kitu kama kilivyo."

"Na wasipokuja?"

Langoni walikuwa wameingia watu wawili waliokuja kumpa pole, na Mjomba alikuwa na haraka ya kuwapokea. Tangu asubuhi walikuwa wakija hivyo, wawili wawili, na kila waliokuja waliondoka wamesikia historia ya mtaro kuanzia mwanzo. Walisema "pole, Mzee," naye akajibu "nilisema." Waliuliza kama amepoteza vitu vingi, akawajibu kwamba tarehe saba ya mwezi ule wa mwaka ule aliwaandikia, na nakala anayo.

Bi Pasi alijua jambo moja ambalo wapima ardhi hawafundishwi: nguo mbichi ikilala siku mbili huota ukungu, na ukungu ukishaingia hakuna pasi ya kuutoa. Alingoja mpaka Mjomba alipofika kwenye sura ya tatu ya simulizi yake, ndipo akaliburuta godoro kupitia mlango wa nyuma. Mchana alitoa mazulia. Jioni akatoa mito na lile kabati, ubao mmoja mmoja. Ushahidi ulikuwa unapungua upande mmoja wa nyumba huku kesi ikisikilizwa upande wa pili.

Alhamisi ndipo alipolifikia sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Alipolifungua maji yalimwagika miguuni mwake. Ndani mlikuwa na mafaili, na ndani ya mafaili mlikuwa na nakala, miaka kumi na tisa ya nakala, zimegandamana kama mkate uliolowa. Alimwita Mjomba. Mzee akaja, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ule uchangamfu ukamtoka usoni. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kisichokuwa na godoro.

"Basi," alisema. "Sasa watasema sikuandika."

Bi Pasi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichuchumaa, akachomeka ncha ya kidole kati ya karatasi mbili, akazitenganisha polepole kama anavyotenganisha mashuka yanayotoka kwenye mashine yamesokotana. Zikaachana bila kuchanika. Wino ulikuwa umetanuka kidogo, lakini ulisomeka.

"Zinaanikika," alisema. "Nipe vibanio."

Wakazianika. Kamba ya uani ikajaa, ikafungwa nyingine hadi nguzo ya lango, nayo ikajaa. Miaka yote hiyo Mjomba alikuwa akimtafuta mtu mmoja wa kuzisoma barua zake. Sasa mtaa mzima ulikuwa unapita taratibu kando ya ua, mikono nyuma, ukizisoma. Wengine walicheka. Wengine walijikuta wametajwa humo na wakaacha kucheka.

Karatasi iliyokauka hukunjamana, na Mjomba hakutaka kuweka faili la karatasi zilizokunjamana. Kwake umeme ulikuwa umekatwa mpaka fundi akague nyaya. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Bi Pasi alizibeba barua kwenye beseni, akapanda zile ngazi tatu na kuomba meza ya kupigia pasi kwa fundi cherehani.

"Lete," alisema fundi. "Mimi nitashika upande huu, wewe pitisha."

Walifanya kazi vizuri pamoja, maana wote wawili walikuwa watu wa kitambaa. Shuka kuukuu chini, barua katikati, shuka jingine juu, pasi ya moto mdogo. Barua ya kwanza ilikuwa ya mtaro. Ya pili, mtaro. Ya tisa au ya kumi Bi Pasi aliipitishia pasi, akafunua shuka, akaona maneno "jirani yangu, fundi cherehani" yamekaa katikati ya ukurasa, yamenyooka kuliko maneno mengine yote. Akataka kuigeuza. Fundi alikuwa ameshaweka miwani.

"'Yahusu,'" fundi akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya mteja, "'kelele za cherehani na kuku watano wasiodhibitiwa.'" Akainua kichwa. "Hawakuwa watano. Walikuwa wanane."

"Samahani sana, Mama."

"Samahani ya nini? Hukuandika wewe. Endelea."

Wakaendelea. Zikatoka nyingine za kuku, moja ya moshi, moja ya wateja wanaoegemea ukuta. Kisha ikatoka moja ndefu ya miaka mitatu nyuma, na hiyo fundi aliisoma kimya, mara mbili, kabla ya kumpa Bi Pasi aisome. Mjomba alikuwa akiiarifu manispaa kwamba kwa kuwa wao wameshindwa, yeye mwenyewe alitengeneza kibao cha zege chenye maandishi ya kukataza watu kutupa taka, akakisimamisha kando ya mtaro. Na kwamba kibao hicho kimeibwa. Na kwamba ana sababu za kuamini kuwa aliyekiiba ni jirani yake, ambaye wiki hiyohiyo alionekana ameongeza ngazi ya tatu mlangoni pake, ya zege.

Chuma cha pasi kilitoa mlio mdogo. Bi Pasi alikiinua haraka.

"Miaka mitatu hanisalimii," alisema fundi. "Mimi nilidhani ni uzee, masikio yamekwenda. Nikawa nampigia kelele zaidi."

"Na bado ukamchukua kwako siku ile."

"Maji yalikuwa yamemfika magotini. Ningemdai salamu kwanza?" Akaichukua barua, akaiweka juu ya zile zilizokwisha kunyooshwa, akalinganisha pembe zake vizuri. "Hii nayo ni nakala yake. Mrudishie."

Alasiri ya siku hiyohiyo manispaa ilikuja, kwa ajili ya mafuriko, bila kungoja zile wiki mbili. Lilikuja lori moja, vibarua wanne wenye makoleo na mhandisi kijana mwenye kofia ngumu na kishikwambi. Mjomba alivaa koti. Alisimama kando ya mtaro na faili kwapani, limenyooka kama jipya, akawatazama vibarua wakichota tope kwa macho ya bwana harusi. Watu walijaa. Bi Pasi na fundi cherehani walisimama kwenye zile ngazi.

Haikuchukua dakika kumi. Koleo la kibarua mmoja liligonga kitu kigumu pale mtaro unapoingia chini ya barabara. Wakaingiza mtaimbo, wakakisukuma, wakakivuta kwa kamba. Kilikuwa bamba la zege, pana kama meza, limelala kimshazari mdomoni mwa kalavati, na nyuma yake taka za miaka mitatu zilikuwa zimejipanga kwa utaratibu. Mhandisi akalimwagia ndoo ya maji. Maandishi yakatokea, herufi zimechongwa kwa mkono wa mtu anayejua kupima: NI MARUFUKU KUZIBA MTARO HUU.

Hata wale waliokuja kucheka walitazama viatu vyao. Mhandisi alimwuliza Mjomba kama anakijua kitu kile, na Mjomba, ambaye hakuwahi kusema uongo hata pale ambapo uongo ungemfaa, akajibu kwamba anakijua. Kiliwekwa kwa kibali gani? Hakikuwa na kibali. Mhandisi akaandika kwenye kishikwambi chake, akapiga picha tatu, akapanda lori. Miaka kumi na tisa manispaa haikuweza kuona barua hata moja ya Mjomba. Kibao chake walikiona mara moja, na ripoti yake ikaandikwa kabla jua halijashuka.

"Basi," alisema fundi cherehani kwa sauti ya chini, akiitazama ngazi aliyoikanyaga. "Hii sasa ni yangu."

Siku mbili Mjomba hakusema kitu. Waliokuja kutoa pole walimkuta amekaa kwenye kile kiti cha maji, wakasema pole, naye akaitikia "asante," neno ambalo liliwatisha kuliko hotuba zote za mwanzo. Bi Pasi alikuwa ametamani ukimya huo tangu siku ya kwanza. Alipoupata hakujua aupeleke wapi. Alisugua kuta peke yake. Alisugua mpaka ule mstari ukabaki kivuli.

Asubuhi ya tatu alipofika alimkuta Mjomba amepiga magoti sebuleni, suruali imekunjwa, anakwangua tope kwenye kona kwa kisu cha mezani. Mifereji midogo ya kati ya vigae ilikuwa imenyooka na kung'aa kama imechorwa.

"Umeanza saa ngapi, Mjomba?"

"Kona ulikuwa unaziruka," alisema bila kuinua kichwa.

Ilikuwa kweli. Bi Pasi akachukua kisu kingine, wakakwangua pamoja. Kuanzia hapo nyumba ilianza kupona. Fundi seremala alichonga mlango ukakubali kufungika. Fundi umeme alibadilisha soketi za chini na kuzipandisha juu. Mjomba alibeba ndoo, akakung'uta mazulia, na kila kitu alichokiosha alikipanga kwa ukubwa. Siku moja alikitoa chombo chake cha kupimia kwenye mfuko wa ngozi uliooza, akakifungua skrubu moja moja, akakisafisha lenzi kwa kitambaa alichokiomba, ndiyo, alikiomba mwenyewe, kwa fundi cherehani.

"Unashughulika saa hizi?" alimwuliza Bi Pasi.

"Nafua mapazia."

"Acha. Njoo unishikie ubao."

Wakapima mtaa mzima. Bi Pasi alisimama na ule ubao wenye namba mbele ya kila nyumba, Mjomba akachungulia, akaandika. Wakapima mtaro: upana, kina, mteremko, mdomo wa kalavati. Watu walidhani mzee amerudia hali yake. Mchana wote alikaa na penseli na karatasi. Jioni aliwaita mpwa wake na jirani yake, akawaketisha sebuleni juu ya ndoo zilizopinduliwa, maana viti bado vilikuwa juani.

"Nyumba hii ndiyo iliyo chini kuliko zote," alianza. "Sentimita sitini na moja chini ya mlango wa jirani. Nilijua siku nilipoinunua."

"Ulijua ukanunua?" Bi Pasi aliuliza.

"Kwenye ramani kulikuwa na mtaro wa mita moja na nusu. Wamejenga wa nusu mita. Lakini mimi niliiamini ramani. Niliichora mwenyewe, ningeachaje kuiamini?" Akageuza karatasi. "Sasa. Mvua ile, na mtaro ule wa nusu mita, hata ungekuwa mtupu kama kiganja, maji yangeingia humu. Yangeingia sentimita arobaini na tatu. Yaliingia hamsini na mbili. Tofauti ni kibao." Akakohoa. "Tisa ni zangu. Arobaini na tatu ni zao."

Bi Pasi akatambua kwamba hii ilikuwa hesabu ngumu kuliko zote ambazo mzee aliwahi kupiga.

"Na ngazi yangu?" aliuliza fundi cherehani.

Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ngazi yako," alisema, "haina hata sentimita moja."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa nguo yake imeshonwa upande mmoja tu na akaamua kuivaa hivyohivyo.

Barua iliyotoka kwenye hesabu ile ilikuwa ya kwanza katika maisha ya Mjomba kuandikwa na watu wengi. Mtaa mzima uliweka sahihi. Ilikiri tisa na kudai arobaini na tatu. Fundi cherehani aliipunguza maneno, akisema hakuna mteja anayevaa mikono mitatu, na Mjomba alikubali shingo upande. Jibu lilikuja baada ya miezi: barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Mtaro haujapanuliwa mpaka leo. Lakini watu wa mtaa huusafisha wenyewe kila mwanzo wa mwezi, Mjomba akiwasimamia, na wanamvumilia, maana mtu aliyekosea mbele ya umati huvumilika kuliko aliyekuwa sahihi peke yake.

Hayo yalikuwa bado mbele siku Bi Pasi alipofungasha ndoo zake. Likizo ilikuwa imekwisha. Kesho yake mashuka yalikuwa yanamngoja. Kabati jipya lilikuwa limeletwa asubuhi hiyo, na alipotoka chumbani na mfuko wake aliwakuta Mjomba na fundi cherehani wamesimama mbele ya kabati hilo, wanabishana. Fundi alitaka likae karibu na dirisha lipate hewa. Mjomba alisema sakafu ya dirishani ina mteremko wa milimita nne, na kabati lingeegemea.

"Milimita nne nani anaziona?"

"Kabati linaziona."

"Basi liwekee kipande cha kitambaa chini ya mguu."

"Kitambaa cha unene gani?"

"Mimi naondoka," alisema Bi Pasi.

"Haya," walisema wote wawili, bila kugeuka.

Alisimama kidogo mlangoni, akarudia kuaga, hakusikiwa. Fundi alikuwa ameshatoa utepe wake shingoni na kuinama kupima mguu wa kabati, na Mjomba alikuwa amemsimamia akimwambia anaushika vibaya. Bi Pasi akazibeba ndoo zake, akafunga lango polepole lisipige kelele, akashika njia.